Damu ya Mkwe

Mama alipokuwa anangoja kupasuliwa uvimbe wa tumbo la uzazi, nyumba yetu ya Ziwani, Nairobi, iliingia katika ubishi kuhusu damu ya mchumba wangu, na aliyeuanzisha ni shangazi. Hospitali ilikuwa imetuambia tutafute watu wa kutoa damu, ili benki ya damu irudishiwe kile ambacho mama angetumia. Tulidhani ni jambo rahisi. Kumbe watu wenye nguvu zao, wanaosifiana afya kila Jumapili nje ya kanisa, ukiwatajia sindano wote hukumbuka kwamba wana kizunguzungu. Baba alikuwa na presha. Mimi nilipimwa uzito nikarudishwa huku muuguzi akiniuliza kama kwetu huwa tunapika. Kaka yangu alikubali, lakini kuanzia siku hiyo akawa anatembea polepole kama aliyekwisha kutolewa. Jirani mmoja tuliyesali naye alikubali pia. Alikuwa anatakiwa mtu mmoja zaidi, na huyo akajitokeza bila kuombwa. Alikuwa mchumba wangu.

Shangazi akaweka kikombe chake mezani.

Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba. Alikuja kutoka kwetu magharibi kumuuguza mama, na tangu alipoingia hakuna kitu kilichosalimika: chumvi ya mboga, jinsi ya kukunja blanketi, urefu wa sketi zangu, vyote vilijadiliwa upya. Siku hiyo ilikuwa zamu ya damu. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Hali naye meza moja. Wakikutana njiani, mkwe hujitoa pembeni. Sasa mtu wa namna hiyo, damu yake imiminwe ndani ya mishipa ya mama mkwe? Akipona, mama atamwita nani, mkwe au ndugu?

Ubaya wake ni kwamba alikuwa na haki, tena kwa mila za pande zote mbili. Mchumba wangu alikuwa Mkamba, mchongaji wa vinyago aliyepanga chumba mtaa wa Jericho, na kwao heshima ya mama mkwe ni kali kuliko hata yetu. Yeye na mama walikuwa wamefahamiana kwa muda mrefu, lakini kwa migongo tu. Akiingia kwa mlango wa mbele, mama hukimbilia chumbani na kumsalimia kutoka nyuma ya pazia, naye hujibu akiwa ameinamia sakafu. Mimi niliyezaliwa mjini niliona ni mchezo wa kuigiza. Wao hawakuwahi kucheka hata mara moja.

Baba alisema Wakristo wote ni damu moja, kwa hiyo hakuna tatizo. Shangazi akamuuliza kama ni damu moja, mbona hospitali inaipima kwanza. Kaka akaingilia kati na Kiswahili chake cha mtaani, "Buda, si mathe ndiye anaumwa? Muulizeni yeye." Mama alikuwa nyuma ya pazia muda wote huo, kwa sababu mchumba wangu alikuwa ameketi pale sebuleni kama mshtakiwa, mikono katikati ya magoti.

"Mwambieni akatoe," mama akasema kutoka chumbani. "Nikifa, nitakuwa mama mkwe wa nani?"

Kesi ikaisha hapo. Wakaenda watatu: kaka, jirani na mchumba wangu. Kaka alizirai kabla sindano haijamgusa, akazinduliwa, akatoa, na kwa miaka mingi amesimulia habari hiyo bila kutaja sehemu ya kuzirai. Mchumba wangu alirudi na plasta kwenye kiwiko na furaha ambayo alijaribu kuificha. Nilimpenda sana siku ile. Jumapili iliyofuata mchungaji alisoma tangazo la ndoa yetu kwa mara ya kwanza kati ya mara tatu zinazotakiwa, na watu wakageuka kunitazama wakitabasamu.

Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nyumba za mtaa wa Umoja zilikuwa mpya, nyingine hata milango haijapakwa rangi, na sisi tulikuwa tumeahidiwa chumba huko kwa rafiki wa mchumba wangu. Ukimwi ulikuwa haujasikika. Damu ya kutoa ilipimwa kaswende na homa ya ini, na mtu wa kawaida hakujua hata hilo. Tulidhani wanatazama tu kama ni nyekundu ya kutosha.

Baba alipokwenda kumwona mama wodini, muuguzi alimwambia kwamba damu ya mmoja wa watu wetu haikufaa, tulete mwingine. Hakusema ya nani wala kwa nini. Shangazi hakuhitaji kuambiwa. Alisema damu imekataa yenyewe, kwamba hata chupa ya hospitali inajua mkwe ni nani, na siku hiyo alipika chapati. Tukampata mtu mwingine kanisani, mama akapasuliwa, na namshukuru Mungu, akatoka salama. Daktari alisema atakaa wodini kwa muda, kisha arudi nyumbani apumzike. Mimi nilidhani mambo yamekwisha.

Mchumba wangu alikuja kuningojea nje ya ofisi niliyokuwa napiga taipu. Si kawaida yake kuacha kazi mapema. Tulishuka pamoja hadi soko la Jericho, nikawa nachagua nyanya huku nikimweleza habari za kitambaa cha gauni. Nilipomgeukia nikaona amekauka midomo.

"Wameniita kule benki ya damu," akasema. "Wamesema nina kaswende."

Alilisema neno lenyewe, katikati ya soko, hakulizungushia kitambaa. Akaniambia hajawahi kulala na mwanamke, kwamba ameulizwa na amejibu hivyo hivyo, na kwamba aliyemuuliza alicheka. Hajui imetoka wapi. Mimi nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikaacha nyanya zangu kwa mama muuzaji na kuondoka, na njia nzima hadi Ziwani nilikuwa nawaona wanawake. Wachongaji waliuza vinyago kwa watalii, basi nikawaona watalii wote wa dunia, wenye kofia za jua, wakimsifu kwa ustadi wake. Nina hasira za karibu, tangu utotoni, na mawazo yangu hukimbia mbele ya miguu.

Kesho yake nilikwenda chumbani kwake nikiwa nimepiga moyo konde kuvunja uchumba. Nilimkuta anavaa shati lake jeupe la kanisani, na haikuwa Jumapili. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kwa baba yangu.

Nikaketi kitandani. Nikamweleza, kwa sababu nilidhani hajaelewa, kwamba hakuna anayejua. Nyumbani kila mtu anaamini damu yake ilikataliwa kwa sababu ya ukwe. Shangazi amekwisha itangaza habari hiyo hadi kwa majirani. Angeweza kwenda kudungwa sindano kimya kimya na mambo yakapita.

"Baba yako aliniruhusu nimtolee damu mke wake," akasema akifunga vifungo. "Damu imekataliwa. Ana haki ya kujua sababu. Nikianza kwa kumficha yeye, nitamalizia kwa kukuficha wewe."

Mtu mwenye hatia, nilijiambia, angekimbilia mlango huo ambao shangazi amemfungulia bila kujua. Huyu alikuwa anaufunga mwenyewe. Hasira yangu haikwisha, lakini ilipoteza mahali pa kukaa. Nikamwambia nami nitakwenda naye.

Baba alimsikiliza hadi mwisho. Nilitarajia kelele, na kelele ningeziweza. Lakini baba uso ulimshuka kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba wa zamani, akatoka nje akaenda kusimama karibu na mfereji wa maji ambako wanawake walikuwa wanajaza ndoo. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alisema hatamtukana mtoto wa mwenzake, lakini ndoa isimamishwe mpaka apate hakika. Akasema pia kwamba mama asiambiwe, kidonda chake bado kibichi.

Jumapili ile mchungaji alisoma matangazo ya wachumba wengine na majina yetu akayaruka. Kanisa letu halikuwa kubwa. Vichwa viligeuka tena, safari hii bila tabasamu, na nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi aliyekuwa ameketi pembeni yangu aliniminya mkono. Sikujua kama ananipa pole au ananikumbusha kwamba alisema.

Sasa tumaini langu lote nililiweka kwenye kosa. Nilikuwa nimesikia kwamba vipimo hukosea, chupa hubadilishwa, damu ya mtu huyu ikaandikwa jina la yule. Kwa hiyo nikamburuta mchumba wangu hadi kliniki moja ya baraza la jiji iliyoshughulikia magonjwa hayo, mahali ambapo watu waliingia wakiwa wamefunika nyuso kwa magazeti. Nikasema nami nipimwe. Tukakaa kwenye benchi tukitazama ukuta, na nilikuwa naomba kimoyomoyo kama mtoto: iwe si yake, iwe ya mwingine, iwe ya jirani yetu hata.

Tuliporudi kwa majibu, daktari alituita pamoja. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapotaka kusema jambo. Alisema yangu ni safi. Ya mwenzangu imeonyesha tena, na wamefanya vipimo viwili tofauti. Chupa haikubadilishwa.

Lakini daktari hakuwa amemaliza. Alimuuliza alizaliwa wapi, akatajiwa, akamuuliza kama utotoni aliwahi kuwa na vidonda. Mchumba wangu akasema kila mtoto kwao alikuwa navyo. Daktari akamwambia apandishe suruali. Chini ya goti palikuwa na kovu la mviringo, ngozi nyembamba inayong'aa, na dogo jingine karibu na kifundo.

"Hii nini?" daktari akauliza.

"Buba," akajibu. "Nilikuwa mdogo sana. Walikuja watu na sindano, wakatupanga mstari mbele ya ofisi ya chifu, wakatudunga wote, wakubwa kwa wadogo. Ikaisha."

Daktari akafuta miwani. Akatueleza kwamba mdudu wa buba na mdudu wa kaswende ni watoto wa ukoo mmoja, wanafanana kabisa. Buba haiji kwa zinaa. Watoto huambukizana kwa kucheza, ngozi kwa ngozi. Mwili uliopigana na mmoja wao huweka kumbukumbu katika damu, hata kwa miaka mingi baada ya kupona, na kipimo kinasoma kumbukumbu hiyo. Kinaona ukoo. Hakiwezi kusema ni yupi kati ya ndugu hao aliyepita.

Mimi nikarukia neno hilo. Nikamwomba aandike kwamba ni buba, nimpelekee baba.

"Hilo siwezi," akasema. "Naamini ni buba. Lakini kuamini ni mimi ninayeamini, si kipimo. Hakuna kipimo chochote duniani cha kuyatenganisha magonjwa haya mawili. Tutamdunga sindano hata hivyo, kwa usalama. Na nikuambie mapema, akipimwa tena baada ya miaka mingi, huenda damu yake ikasema hivi hivi."

Nikamuuliza, kwa ukali nafikiri, basi kwa nini watumie kipimo kisichojua kinachosema. Hakukasirika. Alisema benki ya damu inatafuta damu ya kumpa mgonjwa ambaye hawezi kujitetea, kwa hiyo ikitia shaka ni lazima iikatae, na ni heri ikatae damu nyingi nzima kuliko kuruhusu moja mbovu. "Wamekataa damu," akasema. "Huyu mtu hawajamkataa. Hiyo si kazi yao."

Nilitoka pale nikiwa na furaha na nikiwa na hofu. Nilijua sasa, ndani ya moyo, kwamba mchumba wangu amesema kweli. Nilijua pia kwamba baba yangu alitaka hakika, na kwamba hakika haipo katika chupa yoyote.

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha soda kule Industrial Area. Kazi yake ilikuwa kuketi mbele ya taa na kutazama chupa zinazopita, siku nzima, na kuzitoa zile zenye ufa au uchafu. Nilipomweleza maneno ya daktari alisikiliza vizuri, kisha akasema wao kiwandani chupa ikitiliwa shaka hutupwa. Huenda ni nzima. Hawaulizi. Nami ni mtoto wake wa mwisho, akasema, si kreti ya soda ya kujaribia.

Nikaanza kulia, si kwa ustaarabu. Hapo ndipo msaada ulipotoka upande ambao sikuutazamia kabisa.

"Chupa haina mama wa kuulizwa," akasema shangazi, aliyekuwa akisikiliza yote. "Huyu anaye. Kwani siku hizi watu wanaolewa bila kuchunguza ukoo? Nipeni nauli, niende kwao."

Mila yetu ndiyo hiyo. Kabla ya ndoa, watu wa msichana hutuma mtu wa kwenda kupeleleza upande wa pili: kuna wachawi, kuna kifafa, kuna wizi, wanapika kwa wakati? Kwa sababu ya kuishi mjini, na kwa sababu mchumba alikuwa mtu wa kanisa, baba alikuwa ameruka hatua hiyo. Shangazi hakuwahi kuisamehe. Sasa alipata safari yake. Akafunga kitambaa kichwani, akamchukua kaka yangu wa kumsindikiza, wakapanda basi la kwenda Ukambani asubuhi ya Ijumaa. Kikamba hakujua hata neno moja. Kiswahili chake chenyewe kilikuwa cha kusukuma. Sikumwonea huruma yeye, niliwaonea huruma wenyeji.

Mama alitoka hospitali siku iliyofuata. Tulimlaza chumbani, nyuma ya pazia lake, tukamwambia shangazi amekwenda kuona rafiki. Aliuliza mbona matangazo yetu hayajafika la tatu. Nikasema mchungaji ana mafua.

Jumatatu shangazi alirudi. Aliingia na vumbi hadi kwenye nyusi, akaitisha chai, akavua viatu, na hakuanza kusema mpaka baba alipotoka kazini akaketi mbele yake. Kaka alikuwa nyuma yake amebeba kuku wawili waliofungwa miguu, zawadi ya huko, na uso wa mtu aliyeaibika mpaka akazoea.

Shangazi alisema alimkuta mama yake mchumba wangu, mjane, mtu wa watu, nyumba safi. Alimweleza shida bila kuficha. Yule mama akanyanyua leso aliyojifunga akamwonyesha mguu wake: makovu. Akaita dada zake: makovu. Lakini shangazi si mtu wa kuridhika na ushahidi wa ukoo, maana ukoo unaweza kula njama. Jumamosi ilikuwa siku ya soko. Akaenda huko, akauliza nani na nani ni wa rika la kijana huyu, nani walizaliwa mwaka mmoja naye, akawasimamisha wanaume wazima na familia zao mbele ya wauzaji wa mbuzi, akawaambia wapandishe suruali.

"Wakapandisha kweli," kaka akasema. "Msururu mzima. Hata katekista."

Wengi wao walikuwa na kovu lile lile, mahali pale pale, la mviringo na la kung'aa. Wazee walimwambia buba ilikuwa imejaa, kwamba hakukuwa na nyumba isiyo nayo, mpaka zilipokuja sindano. Walicheka sana soko zima, na mwisho walimpa kuku.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Akauliza, "Kwa hiyo una hakika?"

"Hakika sina," shangazi akasema. "Mguu hauapi. Lakini nimemwona mama yake, nimeona mahali alipotoka, na kijana mwenyewe alikuja kukuambia wakati hakuna aliyemuuliza. Mimi nimemkubali. Wewe kaa na chupa zako."

Sijawahi kumpenda mtu ghafla kiasi hicho. Lakini nikaona taya za baba zimekaza, nikajua atakataa. Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia.

"Makovu hayo yakoje?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumesahau kwamba pazia haliwezi kuziba masikio. Mama akaniambia nilifungue. Alikuwa ameketi kitandani, mkono mmoja umeshika tumbo, na mkono wa pili ukivuta blanketi kutoka mguuni. Chini ya goti lake palikuwa na duara la ngozi nyembamba ambalo nimeliona maisha yangu yote. Nilidhani aliungua jikoni.

"Ni kama hili?"

Shangazi akapiga magoti, akaligusa kwa kidole. "Hili hili," akasema.

"Buba," mama akasema. "Nilikuwa mtoto. Tulidungwa, tukapona, tukasahau." Kisha akamtazama baba, na nikaona uso wake unabadilika polepole. "Baba watoto. Unaikumbuka ile kliniki, nilipokuwa na mimba ya huyu?"

Baba alikuwa amesimama. Akaketi.

Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba walipompima damu katika mimba yangu walimwambia ana kaswende, wakamdunga, wakamwita na baba naye akadungwa. Hawakuwahi kulizungumza. Wakati ule baba alikuwa ameishi mjini peke yake kwa miaka, na mama alikuwa ndio kwanza amekuja kutoka shamba.

"Nilijua umenipa wewe," mama akasema. "Mwanamume peke yake Nairobi. Nililia, kisha nikakusamehe, kwa sababu ya watoto."

Baba alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi nilijua umeitoa nyumbani. Nilikuwa mbali sana na wewe. Nami nikakusamehe."

Mimi nilikuwa nimeshika pazia, na nikaanza kuona nyumba yetu upya. Baba hakumwacha mama akae magharibi hata wiki moja baada ya kupanda mahindi, na kila alipompandisha basi alimtuma mtu wa kumpokea. Nilidhani ni mapenzi. Mama alikuwa ananusa mashati ya baba kabla ya kuyaloweka. Nilidhani anatafuta jasho. Nilikuwa nimelelewa na watu wawili wema waliosameheana, kila siku, kwa muda wa umri wangu wote, kosa ambalo hakuna aliyelifanya. Niliumia kwa ajili yao.

"Daktari aliyewapima watoto hawa amesema damu haiwezi kujua," baba akasema. "Sasa nani atajua?"

"Uliza mimi," mama akasema. "Hukuwahi kuniuliza."

Akamuuliza, mbele yetu sote. Mama akamjibu kwamba hakuwahi. Akamuuliza naye, na baba akasema hakuwahi, hata siku moja, na kwamba alikuwa anarudi kutoka kiwandani na kulala. Hakukuwa na karatasi, wala sindano, wala mtu wa kuapisha. Walitazamana tu, na niliona wote wawili wameamini. Mama akaanza kucheka, akashika kidonda kwa maumivu, akaendelea kucheka huku machozi yanamtoka.

Baba akaenda akaketi ukingoni mwa kitanda. Akamshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mchana.

"Basi nisamehe," akasema, "kwa kule kukusamehe."

Mama akafuta macho kwa ncha ya blanketi. Akamwambia watalizungumza, wana muda. Kwanza aende kwa mchungaji kabla hajafunga ofisi, matangazo yetu yaendelee kusomwa, na akimaliza huko apite Jericho, amwambie yule kijana yeye mwenyewe.